Dodoso la kwenye simu, mama mzazi au mtaalamu: uanze na nani?

Kwenye sendofu yoyote ya Dar es Salaam kuna dakika moja ambayo baadhi yetu tunaanza kuiogopa tangu siku kadi ya mwaliko inapofika. MC anashika kipaza sauti: "Meza ya wafanyakazi wenzake, tunawaomba mbele na zawadi yenu!" Muziki unapandishwa, watu wanasimama, wanajipanga mstari, wanakwenda mbele huku wanacheza. Mwaka juzi mimi nilibaki kitini, simu sikioni, naitikia "ee, ee, nakusikia". Simu yenyewe ilikuwa imeisha chaji.

Nilipofika nyumbani nikaichomeka kwenye umeme, nikaanza kutafuta kwa nini mtu mzima mwenye kazi na akili zake hawezi kutembea hatua 20 mbele ya watu. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimeshajipa jibu: nina usonji, yaani autism. Dodoso la mtandaoni lilinipa alama 34 kati ya 50, na mpaka wake ulikuwa 32.

Haukuwa usonji. Lakini siwacheki wanaojipima wenyewe, maana bila usiku ule nisingemtafuta mtu wa kunisaidia. Nataka tu kuziweka mezani njia za kujua kinachokusumbua, moja kando ya nyingine, ili anayetafuta ajue kila moja inampa nini na inamnyima nini. Nimezipima kwa maswali mawili ambayo nilikuja kugundua ndiyo yenye kazi: tangu lini, na ukiwa na nani? Njia isiyouliza hayo inabahatisha.

Wote wamebaki kitini, kila mmoja na lake

Kabla ya njia, tuangalie shida zenyewe, kwa sababu kwa nje zinafanana. Chukua watu wanne waliobaki kwenye meza ile.

Wa kwanza ana soni tu. Ugenini anachelewa kuchangamka, lakini wimbo wa tatu ukipigwa na soda ya pili ikifunguliwa, naye yumo. Huyo haumwi. Kwetu haya ni sifa, na "hana haya" ni tusi. Nimeona vijana wakijipa majina ya hospitali kwa kitu ambacho bibi zao wangekiita adabu.

Wa pili, ambaye ndiye mimi, ana hofu ya kijamii. Kucheza anajua, chumbani kwake anacheza vizuri tu. Anachoogopa ni macho ya watu, kwamba atakosea, watacheka, na kicheko hicho hakitasahaulika. Tumbo linaanza kumsumbua siku tatu kabla ya sherehe, na sherehe ikiisha anakesha akirudia kichwani kila sentensi aliyoisema. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, uliitambua hofu hii kama tatizo linalojitegemea mwaka 1980. Toleo la 2013 linataka iwe imedumu, kwa kawaida, miezi 6 au zaidi, na iwe inamuumiza mtu au inamharibia kazi, masomo au mahusiano. Ila mweke barazani na mdogo wake, uone kama atanyamaza.

Wa tatu ana usonji. Huyu si lazima awe na hofu yoyote. Pengine haoni mantiki ya kupeleka sufuria kwa kucheza. Pengine zile spika zinamchoma masikioni kiasi cha kushindwa kufikiri, au hajui ni wakati gani mtu anaweza kuaga bila kuonekana mkorofi, jambo ambalo wenzake walilijua bila kufundishwa. Usonji una pande mbili, na wengi tunakariri mmoja tu. Mbali na ugumu wa kuwasiliana na kuelewana na watu, lazima uwepo upande wa pili: kushikilia utaratibu, kurudiarudia mambo, kuzama katika jambo moja kupita kiasi, au mwili kuhisi sauti, mwanga na vitambaa zaidi au pungufu ya wengine. Na mizizi ya yote hayo iwe utotoni, hata kama yalikuja kuonekana wazi baadaye, maisha yalipomzidi. Wapo, hasa wanawake, waliojifunza kuiga wenzao vizuri kiasi kwamba sherehe nzima hakuna anayegundua kitu. Kesho yake hawaamki.

Wa nne ana sonona. Mwaka jana yeye ndiye aliyeongoza mstari. Sasa hana hamu, halali vizuri, chakula hakipandi, na sherehe ni kimoja tu kati ya vingi alivyoviacha.

Pembeni kidogo yuko wa tano ambaye hakuna dodoso la saikolojia litakalomnasa: sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Kwenye kelele anapoteza nusu ya maneno, anacheka pasipochekwa, na mwisho anaacha kwenda. Watu wanasema anaringa. Tezi ya shingoni nayo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, jasho na mikono kutetemeka, na hapo tiba haimo kwenye mazungumzo hata kidogo. Kumbuka pia kwamba wa pili na wa tatu wanaweza kuwa mtu mmoja. Wenye usonji wengi wamebeba na hofu juu yake, hasa kama wamechekwa tangu shuleni.

Video fupi

Ni njia ya haraka kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mtu anakaa mbele ya kamera: "Kama unafungua friji halafu unasahau ulichofuata, kama kazi unaisogeza mpaka dakika ya mwisho, huenda una ADHD." ADHD ni hali ya kudumu ya kushindwa kutulia na kushika umakini. Lakini hayo ya friji na ya kazi, nani hajawahi?

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye peke yake. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, na Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Tukija karibu zaidi, utafiti uliochapishwa Canada mwaka 2022 ulipitia video 100 za TikTok zilizopendwa sana kuhusu ADHD, na 52 kati yake zilikuwa zinapotosha.

Sisemi hazina faida. Kwa mtu aliyeko mbali na mji, ambaye maisha yake yote ameambiwa ni mvivu au ana kiburi, kumsikia mwingine akieleza shida kama yake kunaondoa upweke. Ila video haijui ulianza lini, wala nyumbani kwenu ukoje.

Dodoso

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dodoso linaonekana la kisayansi na kwa kiasi fulani ni kweli. Lile lililonipa 34 linaitwa AQ. Lilitolewa mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, Uingereza. Katika utafiti wao wa kwanza, watu wazima 80 kati ya kila 100 wenye usonji walifikisha 32 au zaidi, na kwa watu wengine waliofikisha walikuwa 2 tu kati ya 100. Nikaona nimekwisha.

Kazi yangu ni hesabu, na hesabu ndiyo iliyonizindua wiki moja baadaye. Chukua watu 1,000 wa mtaani. Tuseme, kwa makadirio, 10 wana usonji. Dodoso litawanasa 8. Waliobaki ni 990, na asilimia 2 yao ni kama 20. Kwa hiyo watu 28 watapata alama kama zangu, na wenye usonji kati yao ni 8 tu. Dodoso halijakosea popote. Ni mimi niliyelisoma kama majibu ya maabara.

Halafu kuna suala la maswali yenyewe. AQ inataka kujua kama hukosi kuziona namba za magari. Muulize swali hilo konda wa daladala. Inauliza kama ungependa zaidi kwenda kwenye ukumbi wa tamthilia au jumba la makumbusho, na mimi nikabaki natazama dirishani, maana nimekulia Korogwe, ambako vyote viwili nilivisoma kitabuni. Na orodha za dalili za usonji karibu zote zinataja kutotazamana macho na watu. Mtoto aliyelelewa kuinamisha uso anapomwamkia mkubwa atajikuta ameshaweka tiki kabla ya kuelewa swali.

Madodoso mengine yana kazi nyingine, na ni vizuri kujua kila moja linatazama wapi. PHQ-9, la sonona, lina maswali 9 na alama hadi 27. Kuanzia 10 inafaa uonane na mtu. Limejaribiwa kwa Kiswahili hapa Tanzania na Kenya, kwa hiyo hili nalipenda. SPIN, la hofu ya kijamii, lina maswali 17. Sasa ona: PHQ-9 inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita tu, SPIN inauliza wiki moja, na AQ haikuulizi kabisa jambo fulani lilianza lini. Yaani mtu wangu wa nne, aliyeharibikiwa mwaka huu, anaweza kujaza AQ leo akatoka na alama za juu. Hataki watu, hataki kutoka, hafuatilii mazungumzo. Dodoso halina namna ya kujua kwamba mwaka jana alikuwa anaongoza mstari.

Faida moja ya dodoso sitaikana. Nilipokwenda kwa mtaalamu nilikuwa na maneno. Kabla ya hapo ningekaa pale nikasema "sijisikii vizuri", yeye angedhani malaria.

Mama

Mama yangu bado yuko Korogwe. Nilimpigia jioni moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Huko kwema?"

Baada ya habari za mvua, za mahindi na za shangazi, nikamwuliza: "Mama, hivi mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa mkimya?"

Akacheka. "Wewe? Baba yako alikuwa anakuita redio. Mpaka wageni wanaomba upumzike."

"Sasa niliacha lini?"

Akakaa kimya kidogo. "Darasa la tano. Ile siku ya risala. Ulirudi hukula, ukasema shule huendi tena."

Mimi siku hiyo nilikuwa nimeizika. Nilichaguliwa kusoma risala mbele ya wageni, nikakwama kwenye neno moja, nikalirudia mara nne au tano, na uwanja mzima ukacheka. Kuongea sana peke yake hakukuwa ushahidi, kwani wapo watoto wenye usonji wanaoongea bila kupumua. Kilichokuwa na uzito ni kwamba kwangu palikuwa na kabla na baada, na hilo hakuna simu ambayo ingeniambia.

Mzazi, shangazi au dada mkubwa ndiye hifadhi yako ya "tangu lini". Tatizo lake ni kwamba anakupenda. Ukimwuliza "mama, nilikuwa na usonji?" atakwambia mwanangu huna tatizo lolote, au atakwambia umerogwa, na yote mawili hayakusaidii. Muulize mambo yaliyotokea: nilianza kusema lini, nilikuwa nacheza na nani, kuna nguo nilizozikataa, nikibadilishiwa kikombe ilikuwaje. Rafiki wa karibu naye anajua "ukiwa na nani", wakati mwingine kuliko wewe mwenyewe.

Sheikh na mchungaji nitawapita haraka. Wengine wanasikiliza vizuri kuliko kliniki, na kama wako ni wa namna hiyo, nenda. Yeyote atakayekwambia uache dawa uliyoandikiwa hospitali, mshukuru kwa muda wake, usimfuate.

Wenye taaluma

Watu huwachanganya, kwa hiyo kwa ufupi: mshauri nasaha anakusikiliza na kukusaidia kupanga mambo. Mwanasaikolojia tiba anapima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, ndiye anayeandika dawa, na kwa kawaida ndiye ambaye karatasi yake itakubalika chuoni au kazini. Hao wa mwisho ni wachache mno. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, na madaktari bingwa wa akili bado wanahesabika kwa makumi. Utawapata Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, na kwenye baadhi ya hospitali za rufaa. Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari.

Wa kwanza niliyemwona, kwenye kliniki moja ya kulipia, alinisikiliza dakika 10 akanishauri nijichanganye na watu. Nilikuwa nimemlipa anieleze kwa nini siwezi kujichanganya. Nimeliandika hili ili ujue kwamba cheti ukutani nacho si dhamana. Asipokuuliza habari za utoto wako, usingizi wako na watu wako, tafuta mwingine.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo. Niliweka zile alama 34 mezani, akazitazama, akazisogeza pembeni kwa upole. "Kaka yangu, ukiwa na nani huwi hivi?" Tulikaa na swali hilo karibu saa nzima. Nikamweleza habari za mdogo wangu, wajomba zangu, na wale jamaa wawili tunaocheza nao bao. Kisha akataka kujua jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: daladalani huwa nashukaje?

Ukweli ni kwamba nilikuwa sisemi "shusha". Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme, na asiposema napitilizwa, nashuka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu. Miaka sita. Nilikuwa najiambia ni mazoezi.

Akanipa kazi: kila siku niseme "shusha!" kwa sauti, na kabla ya kusema nikadirie ni abiria wangapi watageuka kunitazama, kisha nihesabu waliogeuka kweli. Siku ya kwanza nilikadiria gari zima. Waligeuka wawili, na mmoja alikuwa mtoto mchanga. Tiba hii inatokana na kazi ya watu kama David Clark na Adrian Wells, ambao mwaka 1995 walieleza jinsi mwenye hofu ya kijamii anavyojitazama kwa ndani badala ya kuwatazama watu, na jinsi vijanja vyake vya kujificha vinavyomnyima nafasi ya kuona kwamba hakuna kilichotokea. Simu yangu iliyoisha chaji ilikuwa kijanja cha namna hiyo. Kuna pia jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000: wanafunzi walivalishwa fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, wakaingizwa kwenye chumba cha wenzao. Walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wataigundua. Waliogundua walikuwa kama robo.

Kwa usonji kazi isingekuwa hii. Kumlazimisha mtu ambaye sauti zinamuumiza akae karibu na spika mpaka azoee ni kumtesa. Huyo anasaidiwa zaidi kwa kubadilisha mazingira, kuelezwa waziwazi yale ambayo wengine wanayaelewa bila kuambiwa, na kuruhusiwa kuondoka mapema. Ndiyo maana kujipa jina lisilo lako kuna gharama: ningekubaliana na dodoso, ningejipangia maisha ya kukwepa, na hofu ingenona.

Dawa zipo. Sertraline na fluoxetine hutumika kwa hofu na sonona, huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na huandikwa na daktari. Kiini cha usonji hakina kidonge. Na Valium ya kununua duka la dawa kwa ajili ya sherehe, acha kabisa. Inatuliza kweli, na ndiyo maana watu wanashindwa kuiacha.

Basi wewe uanze wapi?

Kama hali yako ni ya siku zote, inakuudhi lakini unafanya kazi na unalala, anza na bure: jaza dodoso moja, si saba, kisha piga simu nyumbani. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari ni wapi uliganda na ni wapi hukuganda, na nani alikuwepo. Ukiona tofauti kubwa kati ya watu na watu, mtafute mshauri au mwanasaikolojia, na ulizia bei mapokezi kabla hujakaa. Ukiona hakuna tofauti, yaani hata na unaowapenda unachoka vilevile, na mama anakumbuka vikombe na nguo, hapo swali la usonji ni halali. Kama hutapata mtaalamu wa kulipima kwa mtu mzima, si dhambi kuishi na dhana hiyo na kujirahisishia mazingira. Ila iite dhana.

Kama ni jambo jipya la miezi michache, usipoteze muda na AQ. Nenda kituo cha afya, na mwambie daktari akague pia damu, tezi na masikio.

Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, unakaa siku kadhaa bila kulala na bado una nguvu za ajabu, au unafikiria kujidhuru, habari za kulinganisha haziko tena. Mchukue ndugu mmoja, nendeni hospitali iliyo karibu leo hii. Na kwenye PHQ-9, swali la tisa ndilo linalouliza habari za kujidhuru. Ukijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", jumla ya alama haina maana tena.

Kama ni mtoto wako, hasa aliyechelewa kusema au aliyekuwa na maneno yakapotea, usimpime kwa simu na usisubiri akue. Mpeleke. Siku moja au mbili kabla, mrekodi dakika chache akicheza nyumbani bila yeye kujua, akila, akiitwa jina lake, akikataa kuvaa viatu. Mbele ya daktari watoto wengi huganda, na wewe mzazi utajikuta unasema "nyumbani hayuko hivi" bila cha kuonyesha.